Kumwondolea mgonjwa ukavu wa kinywa baada ya upasuaji wa saratani

Kiu na ukavu wa kinywa ni vitu viwili. Anayeuguza asipovitenganisha atamjaza mgonjwa maji mpaka tumbo lijae, huku ulimi bado umegandia kwenye kaakaa. Kiu ni mwili unadai maji. Ukavu ni mate yamekosekana, na maji hayawezi kukaa mahali pa mate kwa muda mrefu. Maji hupita tu. Mate yanakaa, yanateleza, yanaosha meno, yanalainisha tonge na kulipeleka kooni, na bila hayo hata chumvi hutaisikia. Kwa hiyo wewe unayeuguza unachukua kazi ya mate: kulowanisha kidogo kidogo, kutelezesha, kusafisha, na kurudia tena usiku na mchana.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, si daktari. Nimemuuguza mjomba wangu, mvuvi wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya ulimi, akaondolewa na matezi ya shingoni, kisha akaanzishiwa mionzi. Mionzi ni ya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, na mtu wa hali ile humpandishi meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, kwenda na kurudi. Akakaa kwangu Kitangiri, hapahapa Mwanza. Niliyoyapata kwa manesi, kwa daktari wa meno na kwa ubishi wa Mjomba mwenyewe ndiyo haya.

Kwanza ujue mgonjwa amekaushwa na nini

Tezi kubwa za mate ni jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Nyingine ndogondogo, mamia, zimetapakaa ndani ya midomo, mashavuni na kwenye kaakaa. Mtu mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na hana habari.

Mgonjwa aliyepasuliwa titi, tumbo au kizazi naye hukauka kinywa, ila ukavu wake ni wa muda. Alifunga kula kabla ya upasuaji, alipewa dawa za usingizi na za kukausha mate, alivalishwa barakoa ya oksijeni, analala mdomo wazi. Kisha zinakuja dawa za maumivu. Mofini inakausha. Amitriptilini, ambayo wengi hupewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, inakausha sana. Dawa kadhaa za kichefuchefu na za mzio nazo zimo. Ukavu wa aina hii hupungua mgonjwa anapoanza kunywa na dawa zinapopunguzwa. Naomba hapa nikaze sauti: usimwachishe mtu mofini kwa sababu kinywa kimekauka. Maumivu ya saratani si ya kuchezea. Mwambie daktari, yeye ndiye atapunguza au atabadilisha.

Ukavu wa mtu aliyepasuliwa mdomo, taya au shingo ni mwingine. Wakisafisha matezi ya shingoni, mara nyingi tezi ya mate iliyo chini ya taya inaondoka nayo. Mionzi ikija juu yake, zile zilizobaki zinaungua taratibu. Ukavu huanza wiki ya kwanza au ya pili ya mionzi, mate yanakuwa mazito kama ya kuvutika, halafu yanapotea. Mionzi ikiisha ukavu hauishi siku hiyo. Kwa wengine mate hurudi polepole, kwa miezi, hata mwaka au miwili, na si yote. Kwa wengine hayarudi. Hata dawa ya iodini ya mionzi wanayopewa wagonjwa wa saratani ya thairoidi, tezi iliyo mbele ya koo, inaweza kuzigusa tezi za mate. Ukishajua wako yuko kundi lipi, utajua kama unajipanga kwa siku chache au kwa maisha.

Kabla hujashika kikombe

Muulize nesi: huyu anaruhusiwa kumeza? Swali hili liulize kila zamu inapobadilika, maana jibu la asubuhi laweza kubadilika jioni. Aliyeshonwa ulimi, koo, njia ya chakula au tumbo anaweza kuwa haruhusiwi hata tone, na anayelishwa kwa mpira wa puani hana ruhusa ya kuonjeshwa uji eti kwa sababu anatia huruma. Nimemwona shangazi wa watu akimpa mgonjwa wake uji kwa kificho, khanga ameitanda kuzuia nesi asione. Mgonjwa alikohoa mpaka akawa wa buluu midomoni. Kilichoingia kwenye mapafu kinaleta nimonia, na nimonia kwa mtu aliyetoka kupasuliwa inaua.

Asiyeruhusiwa kumeza hafai kuachwa na kinywa kikavu kwa hoja hiyo. Huyo ndiye anayehitaji mkono wako zaidi.

Namna ya kumpangusa: nawa mikono kwa sabuni. Mwinulie kichwa, au mkalishe kabisa kama anaweza. Chukua gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, lichovye kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha likamue mpaka lisidondoshe hata tone. Lizungushe kwenye kidole chako ulichokivalisha glavu. Anza ndani ya mashavu, pitisha kwenye fizi, halafu kaakaa, mwisho juu ya ulimi, kuanzia katikati kuja mbele. Usisukume nyuma, atatapika. Ukiona uzi wa mshono, pita mbali. Gozi likichafuka tupa, chukua jingine, usilirudishe kwenye bakuli. Mimi na Mjomba tulikubaliana ishara, kwa kuwa kuongea kulikuwa hakuwezekani: akiinua kidole cha shahada, naacha. Wiki ya kwanza kidole kilikuwa juu kila wakati. Baadaye akawa ananivuta mkono nirudie kaakaa, kwani hapo ndipo panapokauka hadi kuuma.

Kama nesi ameruhusu, chupa ya kupulizia inasaidia kuliko nilivyotegemea. Ni ile ndogo wanayotumia saluni kulowesha nywele; sokoni Makoroboi, mjini, zipo za bei ndogo. Nunua mpya, usichukue ya saluni, ioshe kwa maji ya moto, tia maji yaliyochemshwa, badilisha kila siku. Mpulizio mmoja ndani ya kila shavu. Mjomba alijifunza kujipulizia mwenyewe na tangu hapo hakutaka kuniazima chupa hata niishike.

Maji, na barafu ya kuaminika

Anayeruhusiwa kumeza anywe funda dogo, alizungushe mdomoni, alikawize kidogo, ndipo ameze. Funda moja kila baada ya dakika chache linashinda bilauri nzima iliyomiminwa kwa mkupuo. Bilauri inakwenda kwenye kibofu. Chupa ikae karibu kiasi cha kuifikia bila kumwita mtu, pia usiku, pia kwenye daladala, pia kwenye benchi la kliniki. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari anywe kiasi gani kwa siku. Kipimo cha nyumbani ni mkojo: ukiwa wa rangi nyepesi anakunywa vya kutosha, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hajanywa.

Maji yachemshwe. Sisi wa kando ya ziwa tuna tabia ya kuyaamini maji kwa sababu yapo mengi. Mtu mwenye vidonda kinywani, tena anayetumia dawa za saratani zinazoshusha kinga, hana nguvu za kupambana na taifodi.

Barafu inatuliza vizuri sana. Kipande kidogo kinayeyuka polepole na kuacha ubaridi kwenye vidonda. Lakini iwe barafu uliyoigandisha mwenyewe kwenye friji, kwa maji yaliyochemshwa, ukaipondaponda ndani ya kitambaa safi. Barafu ya samaki ya pale Mwaloni si ya kinywa cha binadamu. Nimeuza pale miaka na ninajua inapokokotwa. Nasema kwa sababu nimeona kijana wa watu akinunua kipande apeleke wodini, na nia yake ilikuwa njema kabisa.

Kusukutua

Hii ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote na watu hawaifanyi. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda. Koroga. Asukutue taratibu, ageuze kichwa kulia na kushoto maji yafike pembeni, ateme. Asimeze. Afanye hivyo kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho, baada ya kila mlo, na kabla ya kulala. Kesho yake mwaga iliyobaki, tengeneza upya. Mate yakiwa mazito ya kuvutika, sukutuo hili linayakata, na kabla ya kula linamwandalia mtu mdomo.

Dukani useme vizuri unachotaka. Bekingi soda si bekingi pauda, si hamira, na usije ukachukua magadi tunayotia kwenye maharage au makande. Magadi yanaunguza. Duka moja mtaani kwetu walinipimia magadi kwenye karatasi, muuzaji akaniambia "soda ni soda, dada". Nikamrudishia. Nunua yenye kopo au pakiti iliyoandikwa.

Zile dawa za kusukutulia zenye spiriti, zinazochoma na kunukia, ziache. Zinakausha zaidi. Ukitaka ya kiwandani, mwombe mfamasia isiyo na spiriti.

Midomo

Mafuta ya mgando, tabaka jembamba, kila yanapokauka. Ila mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, usimpake mafuta ya mgando mpaka umuulize nesi. Mafuta na oksijeni havipatani na moto. Zipo losheni za maji za kupaka wakati huo. Glisirini tupu, ambayo bibi zetu waliipenda, inavuta maji kutoka kwenye ngozi, na ile ya kuchanganya na limau ni mbaya mara mbili: inakausha, halafu asidi inakula meno.

Chakula

Hapa ndipo penye vita, kwa sababu kwetu kumpenda mgonjwa ni kumlisha, na kila mgeni anakuja na wazo lake kwenye kikapu.

Kanuni niliyoishi nayo: kila kitu kiwe na mchuzi, kiwe laini, kiwe vuguvugu au cha baridi. Sato mbichi wa kuchemsha alimfaa Mjomba kuliko chochote. Nilimchemsha na kitunguu, karoti na chumvi kidogo, bila nyanya na bila ndimu kwa kipindi cha vidonda, nikamchambua kwa vidole mwiba mmoja mmoja, nikaiponda minofu ndani ya mchuzi wake. Chambua kwenye sahani nyeupe, chini ya mwanga. Mtu mwenye ulimi ulioshonwa hausikii mwiba mpaka umeshapita. Sangara wa minofu ni rahisi zaidi kwa sababu miba yake ni mikubwa na inaonekana, ila mafuta yake humshinda mwenye kichefuchefu. Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikitolewa, na furu wa kukaanga, wale samaki wadogo, sahau kwa sasa. Na dagaa, biashara yangu mwenyewe, wakavu hawapiti. Nilikuwa nawasafisha, nawakaanga kidogo, nawasaga kuwa unga na kutia kijiko kwenye uji wa chumvi au kwenye supu ya viazi. Lishe inaingia bila kutafuna.

Mlenda. Kama kuna kitu kimeumbwa kwa kinywa kisicho na mate, ni mlenda. Unateleza, unabeba ugali, hauhitaji kutafunwa. Mjomba alikuwa akiubeza, akiuita chakula cha wasio na samaki. Alipokuwa hali ile akauagiza mwenyewe. Upike bila pilipili, weka bamia changa, karanga iliyosagwa laini kabisa ukipenda. Ugali wake ulegeze, na matonge yawe madogo kama punje ya karanga. Ugali wa muhogo wa kwao Ukerewe unanata, kwa hiyo mwanzoni nilimnyima. Alikasirika siku nzima.

Viazi vitamu vya kuchemsha viponde kwa maziwa. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, usimpe mikavu. Ikipikwa mpaka ikaporomoka na kuwa uji, sawa. Parachichi, papai lililoiva, tikiti maji la baridi, ndizi za kupika zilizorojeka, mtindi usio na sukari, mayai ya kuvuruga yenye maziwa. Uji wa ulezi uwe mwepesi na uchujwe, mchanga wake ni adha kwenye kidonda. Karanga iliyosagwa ikiliwa peke yake hugandia kwenye kaakaa. Itie ndani ya mchuzi. Mkate na chapati ni kavu hata ukivichovya, maana kipande kinavunjika na kubaki kooni. Mgonjwa anayekohoa kila akimeza, hata maji, asiendelee kujaribiwa vyakula nyumbani. Arudi aangaliwe namna anavyomeza.

Machungwa. Ndugu wa Ukerewe hawaji mikono mitupu, wanakuja na kiroba cha machungwa, nami nikakipokea kwa magoti yote mawili na kukigawa kwa majirani. Machungwa, nanasi, ndimu, ukwaju: vinachoma kidonda, na kinywa kisicho na mate hakina cha kuosha asidi kwenye meno. Vidonda vikipona kabisa, kitu chenye uchachu kidogo kinaweza kuamsha mate kwa mtu ambaye tezi zake bado zinafanya kazi. Kidogo, na asukutue baada yake.

Soda na juisi za sukari, hapana. Asali ni sukari pia, hata ikiwa ya porini Tabora. Kahawa na chai nzito zipunguzwe. Pombe na sigara ziache kabisa, na ugoro vilevile. Wazee wengi wa visiwani wanaona ugoro si tumbaku kwa sababu hauna moshi. Ni tumbaku.

Jojo lisilo na sukari, hasa lenye zailitoli, kitu kitamu kinachotiwa badala ya sukari, linasaidia mtu anayeweza kutafuna: kule kutafuna kunaita mate. Soma pakiti, mengi ya dukani yana sukari. Pipi isiyo na sukari ya kunyonya nayo inafaa, isipokuwa kwa anayekabwa kwa urahisi.

Usiku, moshi na wageni

Usiku ndio mbaya. Hata mtu mzima wa afya mate yake hupungua akilala, na huyu akipumua kwa mdomo anaamka ulimi umekauka kabisa. Mwinulie kichwa kwa mito miwili. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi ya famasia yatamfungulia, apumue kwa pua. Feni isimpulize usoni. Nyumba zetu za milimani zinakaa katikati ya mawe yaliyopigwa jua mchana kutwa, usiku yanarudisha joto, na hakuna anayelala bila feni, kwa hiyo igeuze ipige ukuta. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, hewa inapokuwa kavu, natundika taulo lililoloweshwa kwenye kiti karibu na kitanda. Asubuhi linafuliwa, lisije likaota ukungu. Jiko la mkaa likae nje, na jirani anayekaanga samaki mlangoni pako mwombe kwa heshima ahamie upande wa pili.

Wageni wafundishwe. Kwetu salamu hazikatizwi: habari za huku, za ng'ombe, za watoto, za mvua, na mgonjwa kwa adabu anajibu zote. Ukimwangalia unaona midomo inaanza kushikana. Nilikuwa nakaa karibu na mlango na kusema, "Karibuni sana, Mjomba amewasikia, mimi ndiye nitakayejibu." Wazee walielewa haraka kuliko vijana. Akitaka kuongea, funda la maji kwanza. Siku moja alimwambia shemeji yake, kwa sauti ya kukwaruza: "Nimelala juu ya ziwa tangu ujana, leo hata mate ya kutema sina." Wakacheka wote wawili, ndipo akaomba chupa yake.

Yasiyongoja kliniki

Mrudishe hospitali mara moja ukiona: homa ya nyuzi 38 au zaidi, utando mweupe ulimini au mashavuni, unaopanguswa na kuacha wekundu au kuchoma, maana huo ni fangasi na una dawa yake, damu isiyokoma, kushindwa kumeza hata maji, kukohoa au kukwama kila akinywa, shavu au chini ya taya kuvimba kwa maumivu, hasa upande mmoja, kwa kuwa tezi iliyokauka hupata maambukizi, mkojo mchache wenye rangi nzito pamoja na kizunguzungu. Fangasi usiikwangue kwa mswaki, na usimpake dawa ya rangi ya jirani.

Meno, na dawa za daktari

Wengi wanaangalia ulimi na kusahau meno. Bila mate meno yanaoza kwa kasi ya kushangaza, kwenye mzizi pale yanapokutana na fizi. Mswaki laini kabisa, mara mbili kwa siku, uloweshwe kwenye maji ya vuguvugu uzidi kulainika. Dawa ya meno iwe na floraidi. Aliyepigwa mionzi ya kichwa na shingo amuulize daktari wa meno kuhusu ile yenye floraidi nyingi, inayotolewa kwa cheti. Mswaki wa mti na unga wa mkaa, ambavyo Mjomba alivitumia maisha yake yote na kujisifia navyo, vinachuna fizi kavu. Meno ya bandia yatolewe usiku na kusafishwa.

Kama mionzi bado haijaanza, mpeleke kwa daktari wa meno sasa hivi, kabla. Jino bovu litolewe mapema, fizi ipate muda wa kupona. Zamani wengi wa Kanda ya Ziwa walikwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi. Sasa hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, wanatoa, na kulifuata jambo hili la meno ni rahisi zaidi kwa mtu wa hapa.

Ukavu ukigoma pamoja na yote hayo, zipo dawa. Mate ya bandia, ya kupuliza au ya kupaka, hutuliza kwa muda. Mfamasia akiwa nayo, jaribu hasa kabla ya kulala. Ipo pia pilokapini, kidonge kinachoziamsha tezi zilizobaki hai. Hicho ni cha daktari tu. Kinatoa jasho na kumpeleka mtu chooni kukojoa mara nyingi, na mwenye pumu au aina fulani za presha ya macho anaweza kudhurika. Usiazime cha mgonjwa mwenzako wodini, hata kama dalili zenu zinafanana.

Jambo la mwisho linahusu koleo. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi unapungukiwa damu, na hali hiyo inabaki kwa miaka yote inayofuata. Jino liking'olewa kiholela, kidonda kinaweza kisifunge na mfupa ukafa. Mjomba amerudi Nansio, na huko jino likiuma mtu anang'oa siku hiyohiyo, popote penye kiti na koleo. Kwa hiyo nimeandika kwa kalamu nzito juu ya jalada la daftari lake la kliniki: TAYA LIMEPIGWA MIONZI, ASING'OLEWE JINO KABLA YA KUMUULIZA DAKTARI WA SARATANI. Chini yake nimeweka mwezi na mwaka mionzi ilipoisha na upande uliopigwa. Fanya hivyo kwenye daftari la mgonjwa wako, na mwonyeshe mtoto wa nyumbani anayejua kusoma ni wapi linakaa.